Moja kati ya 3,114: namba inayosomwa vibaya

Kila mjadala wa mashimo meusi pacha, yaani mawili makubwa yanayozungukana ndani ya galaksi moja, ukianza lazima mtu ataje hii namba: moja kati ya 3,114. Ni kazi ya mwanaastronomia Sarah Burke-Spolaor ya 2011, alipitia data za darubini za redio zinazounganishwa zikiwa mbalimbali duniani, viini vya galaksi 3,114 vinavyowaka kwenye redio, akitafuta vyenye mashimo meusi makubwa mawili, na akapata kimoja tu, 0402+379, ambacho kilishajulikana. Basi watu wanasema imeisha hiyo, jozi hazipo, wanaotafuta wanapoteza muda.

Mi naona namba hiyo inabebeshwa mzigo usio wake. Ili jozi ihesabiwe pale, mashimo yote mawili yanatakiwa yawe yanatoa redio kwa wakati mmoja, na mengi yanajulikana kuwa yamekaa kimya tu hayamezi gesi ya maana, kwahiyo likiwaka moja na mwenzake kanyamaza unaona doa moja na unaandika moja. Halafu kuna umbali. 0402+379 iligundulika kuwa jozi 2006 kwasababu iko karibu kwa vipimo vya anga, kama miaka nuru milioni 750, na mashimo yake yameachana kama miaka nuru 24, sasa ipeleke mara kumi ya hapo na yale madoa mawili yanaanza kushikana, na jozi zilizokaribiana zaidi ya hapo, zile tunazozitaka hasa, picha haitazitenganisha hata zikiwaka zote. Yaani ile 3,114 imepima jozi zinazopigika picha, haijapima jozi zilizopo.

Ndio maana watu wanaangalia tabia badala ya picha. Shimo lenye mwenzake karibu, jeti yake (mkondo mwembamba wa gesi inayorushwa kwa kasi kutoka karibu na shimo) inayumba kama pia inayokaribia kuanguka, na mwaka 2019 Martin Krause na wenzake walichunguza vyanzo vya redio 33 vyenye nguvu wakaona dalili za kuyumba kwenye 24. 24 kati ya 33 jamani! Sisemi zote ni jozi, gesi inayozunguka galaksi nayo inaweza kupinda jeti, ila weka hiyo karibu na moja kati ya 3,114 uone jinsi njia ya kutafuta inavyobadilisha jibu.

Wanaopinga wana hoja nzito na siibezi. Dalili nyingine inayotafutwa ni mwanga unaopanda na kushuka kwa mdundo, kana kwamba mashimo mawili yanazungukana. Kwezari (kiini cha galaksi kinachong'aa sana) iitwayo PG 1302-102 ilitangazwa 2015 kuwa inapanda na kushuka mwanga kila miaka mitano hivi, mwaka uliofuata Simon Vaughan na wenzake wakaonyesha kwamba mtikisiko wa kawaida wa kwezari ukiuangalia mizunguko michache tu unafanana kabisa na mdundo. OJ 287 nayo, mgombea mwingine wa jozi, mlipuko uliotarajiwa Oktoba 2022 haukuonekana kwa tarehe iliyopigwa hesabu. Mizunguko miwili mitatu haitoshi, hapo wako sahihi.

Lakini hoja yao ikifika kwenye PKS 2131-021, kiini kingine cha galaksi kinachowaka kwenye redio, inagonga mwamba, au angalau inapungua kasi. Darubini ya Owens Valley kule California imeifuatilia tangu 2008, redio yake inapanda na kushuka kila miaka 4.8, na walipofukua vipimo vya zamani vya 1975 mpaka 1983 wakakuta mdundo uleule, karibu na zamu ileile (yaani kupanda na kushuka kunaangukia pale mdundo ungetarajiwa kuwa), wakati katikati ulipotea kama miaka 20. Kelele za kubahatisha, ule mtikisiko usio na mpangilio, zinarudije kwenye zamu yake baada ya muda wote huo? Wenyewe waliotangaza 2022 bado wanaiita mgombea, yaani jozi ambayo haijathibitishwa, na mimi naiita hivyohivyo.

Kinachohitajika hapa ni muda wa darubini, ile kazi ya kupima vyanzo zaidi ya 1,800 karibu mara mbili kwa wiki miaka nenda rudi, kazi isiyo na picha ya kuvutia na ndio ya kwanza kukosa hela. Mizunguko mingine mitatu ya PKS 2131-021 ni miaka kama 14. Ikishika zamu, ubishi wa kelele utakuwa mgumu sana kuutetea, na ikirudi na zamu nyingine nitarudi kwenye 24 kati ya 33 kwa mashaka makubwa zaidi.