Nyota ya Burma kwenye mkebe wa Kimbo: iende makumbusho ama ibaki nyumbani?

Kwetu kuna mkebe wa Kimbo, yale mafuta ya kupikia, ule wa bati wa zamani, umekaa juu ya kabati la shangazi tangu nipate akili. Ndani kuna nyota ya pembe sita rangi ya shaba, katikati ina taji na herufi za mfalme George, na kautepe ka bluu na nyekundu kenye vistari viwili vya chungwa ambavyo saa hii vimepauka vikawa rangi ya chai. Ni Nyota ya Burma ya babu, medali waliyopewa waliopigana Burma (Myanmar ya leo) kwenye Vita ya Pili ya Dunia. Alikuwa keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, akapelekwa huko 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakateremka bonde la Kabaw kwenye mvua isiyokatika mpaka mto Chindwin. Sasa juzi binamu yangu kaleta habari ati kuna watu hapa kaunti wanataka kufungua kamakumbusho ka vita, wanaomba familia zilete vitu vya askari wao, na nyumba ikagawanyika mara moja: baba mdogo anataka tupeleke, shangazi hataki hata kusikia, na binamu mwenyewe anauliza kwani onlaini inaenda ngapi.

Nianze na baba mdogo manake hoja yake ina uzito. Sisi hatujui kutunza. Hiyo nyota imesuguliwa Brasso, ile dawa ya kung'arisha chuma, kila Krismasi miaka na miaka kwa mapenzi tu, na Brasso hula chuma polepole, pale kwenye taji ukipitisha kidole unaona kabisa panateleza. Utepe ni kitambaa, adui wake ni mwanga na wadudu, ndio maana makumbusho zinazojua kazi zinawasha taa hafifu, luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa nguo na karatasi, watu wanaingia wanalalamika ati kuna giza. Kofia ya babu ile ya ukingo mpana ilishaliwa na nondo nikiwa darasa la tatu. Barua nazo zilipikia uji. Kwa hivyo mtu akisema "nyumbani ndo salama", salama gani?

Lakini kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui na mimi ndo limenibadilisha mawazo. Medali ambazo Waingereza waliwapa askari wao wa Vita ya Kwanza zina maandishi ukingoni, namba, cheo, jina, kikosi, kwa hivyo hata ikipotea miaka mia mtu anaweza kufuata mwenyewe. Zile za Vita ya Pili walizopewa watu wa keya hazina jina. Tupu. Nyota ya babu na nyota ya mtu wa Machakos na ya Mwingereza wa Leeds ukizichanganya kwenye sinia huwezi kujua ipi ni ipi. Yaani siku itakapotoka kwenye ule mkebe bila maneno ya shangazi kuandamana nayo, imekufa, inakuwa chuma cha kupimwa kwa kilo, na binamu akiiuza onlaini ndo basi kabisa, itafika kwa mkusanyaji fulani Ulaya iwekwe na zingine thelathini.

Na hapo shangazi naye ana haki yake. Jirani yetu alitoa kofia na picha mbili za baba yake kwa ofisi moja, sitaitaja, hakupewa hata karatasi, alipoenda kuulizia baada ya miaka kila anayemuuliza anamwelekeza dawati lingine mpaka akachoka. Kuna na ile ya kitu kuwekwa kwenye kioo na kibao kinachosema "Medali, Vita vya Pili", basi. Medali ya nani? Watoto wa shule wanapita wanapiga selfi wanaenda zao. Shangazi anasema afadhali nondo, angalau nondo anamjua mwenyewe. Nilicheka lakini nikamwelewa.

Sisi watu wa Taita Taveta mambo haya yanatuhusu kuliko wengi manake Vita ya Kwanza ilikuja mpaka mlangoni. Wajerumani waliishika Taveta Agosti 1914, Waingereza wakajenga reli ya jeshi kutoka Voi kwenda Maktau kuwafuata, na tarehe 12 Februari 1916 wakapigwa vibaya pale kilima cha Salaita karibu na Taveta, wengi wao wakiwa askari Wasauzi waliokuwa ndo wamefika tu. Mpaka leo huko bado ardhi inatema maganda ya risasi, vifungo, mikebe ya nyama, vipande vya chupa. Anayeokota anafikiria mambo mawili, bei ya chuma chakavu ama mzungu wa kumuuzia. (Na tafadhali, risasi ambayo haijalipuka usiitie mfukoni, kwanza inaweza kukutoa mkono, pili kuwa na risasi bila leseni ni kesi, waachie polisi.)

Sheria nayo inachekesha kidogo. Ile ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kitu cha kale cha kubebeka kuwa kile kilichotengenezwa ama kuingia nchini kabla ya 1895. Kifungo cha askari wa 1916 kimekosa kwa miaka 21. Wakati huohuo fremu ya mlango iliyochongwa kabla ya 1946 kwa mtindo wa Kiafrika ama wa mashariki inalindwa, kwa hivyo mlango wa Lamu wa 1940 una mtetezi lakini buti la mtu aliyefia Salaita halina, labda waziri alitangaze kwanza. Sisemi milango isilindwe jamani, nawapenda watu wa Lamu.

Ila mimi kinachonisumbua zaidi ni wale ambao hawakuacha kitu. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar zote zimetoka kwa jina la Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza kwenye Vita ya Kwanza, watu waliobeba unga na risasi kichwani, wakafa kwa maelfu na wengi wao sio kwa risasi, ni kuhara, malaria, njaa. Mpagazi alikuwa na nini cha kuwekwa kwenye kioo? Blanketi, na blanketi liliisha. Wengine hata mshahara wao haukufika kwa jamaa zao, kilichobaki ni deni. Wakati ofisa aliacha darubini, shajara, saa, sanduku la ngozi lenye jina lake. Sasa makumbusho ikisema "tunaonyesha vitu vya askari" bila kufikiri, itajikuta inaonyesha vitu vya waliokuwa na vitu. Lile sanamu la Nairobi la 1928 linawasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, vizuri, lakini jina la mtu hata mmoja halipo. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakuandikwa majina kama wenzao wazungu. Mimi ningeweka kabati moja tupu kabisa, kibao chake kirefu kuliko vyote.

Na kuna swali watu wanaliruka: keya ni ya nani? Kofia ileile ya babu, hapa kwetu ni fahari, tunaitoa kwenye matanga. Nyeri ama Murang'a kofia ya keya ni kitu kingine, manake tangu 1952 vikosi vya keya vilitumwa msituni kuwasaka Mau Mau. Mtoto wa yule aliyechomewa boma akiiona imewekewa taa nzuri atasemaje? Wengine wanasema basi tusiionyeshe, tutafufua vidonda. Sikubaliani. Ionyeshwe, lakini kibao kiseme yote mawili, Burma na msituni, na kama babu alikuwepo kote kiseme alikuwepo kote. Wa kwetu alirudi 1946 akalima mahindi, lakini ningesema hivi hata kama asingerudi kulima.

Kwa hivyo niliporudi kwenye kikao cha familia nikasema tuazime, tusitoe. Karatasi iandikwe, picha ya nyota mbele na nyuma, jina la babu, miaka mitano, tukitaka turudishiwe. Wakikataa karatasi, hawapati nyota. Baba mdogo kakubali, binamu kanuna, shangazi kanyamaza, halafu akauliza kama kwenye kioo kutakuwa na nafasi ya mkebe pia.

Jumapili nimemrekodi kwa simu dakika arobaini. Kumi na tano zote alikuwa anaelezea vile babu hakuwa anakula wali mvua ikinyesha. Brasso nimeificha.