Siku Cucu alitia magadi kwa sufuria ya Magadi

Mimi kazi yangu ni kutia uzi wa kufuma rangi, na wateja wake wana vituko jameni. Huyu wangu wa Nairobi hawezi kukuambia anataka pinki akanyamaza, hapana, atakuambia anataka uzi wa Mlima Kenya saa kumi na mbili asubuhi kabla mawingu hayajafunika kilele cha Batian, au uzi wa Ziwa Bogoria siku ambayo flamingo ni wengi, sasa wewe kaa hapo na sufuria yako ufikirie saa kumi na mbili ni rangi gani. Safari hii akataka Ziwa Magadi. Ile pinki inayoenda kwa wekundu, ati ukiliangalia kutoka kwa ndege. Mimi ndege sijapanda lakini picha nimeona.

Na anajua mambo yake, hiyo lazima nimpe. Anajua pinki ya flamingo inatokana na chakula anachokula, na wekundu wa Magadi ni wa vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyopenda chumvi, vikijaa kwa yale maji makali ziwa linageuka. Kwa hivyo ni pinki mbili tofauti na ukimletea moja badala ya ingine utarudishiwa.

Sasa pinki yangu natoa kwa mpungate, ile kaktasi ya miiba. Watu wa Laikipia mpungate tunaujua kwa ubaya, uliletwa enzi za mkoloni wa kupamba na kuzungushia boma, ukatoroka, ukameza malisho, mbuzi wakila matunda yake miiba inawajaa mdomoni. Ndio kukaletwa wadudu wa kuumaliza, wanaujaza uwoya mweupe na ukimponda mmoja na kidole, wueh, kidole kinakuwa chekundu na sabuni haikusaidii kitu. Hawa wetu rangi yao si kali vile, wenye rangi yenyewe ni binamu zao wanaofugwa Peru, wale wanatiwa kwa lipstiki na yogati za stroberi, kwa hivyo huku lazima ukwangue wengi sana na miiba ikumalize vidole kwanza.

Basi siku hiyo kila kitu kilikuwa sawa kabisa. Sufu ya kondoo wa hapahapa, imesokotwa kwa mkono, nimeilaza kwa maji ya shabu (alum) ndio rangi ishike, nikaitia kwa sufuria kubwa ya arusi na wadudu wangu waliosagwa na limau ya kutosha kusukuma rangi iende kwa wekundu. Makaa kidogo tu, maji yawe moto lakini yasitokote, sufu haitaki fujo. Harufu ya hiyo kitu sitakudanganya, ni kondoo aliyenyeshewa.

Simu ikalia. Mteja. Kwetu network iko hapo kwa geti pekee, ukisonga hatua moja imekatika, nikatoka nikasimama hapo nikielezwa Magadi. Alinieleza Magadi mpaka nikachoka kusimama.

Nilichokuwa nimesahau kukuambia ni kwamba Cucu alikuwa amekuja kututembelea. Cucu ni mama ya bwana yangu, ametoka Othaya na kikapu chake, na ni mtu hawezi kukaa kwa kiti akiona kitu iko kwa moto. Haya yote alinieleza mwenyewe baadaye bila aibu yoyote. Aliingia jikoni akafunua sufuria, mvuke ukampiga kwa macho, miwani ikapata ukungu, akaona supu nyekundu, akasikia harufu ya kondoo. Akasema ahaa, huyu msichana leo ametupikia githeri ya nyama. Akachota na mwiko akaonja. Haina chumvi! Akatia chumvi. Akadunga ndani na mwiko, bado ngumu. Akaangalia makaa, akaona huu ni moto wa kuchezea watoto, akayapepea mpaka yakawaka na sufuria ikaanza kutokota. Akangoja. Akadunga tena, bado ngumu. Hapo ndipo akakumbuka kwa kikapu yake ana magadi ya kulainisha chakula, anatembea nayo imefungwa kwa gazeti kwa sababu ya kwetu ati ni vumbi, akashika ngumi moja akamwaga.

Magadi na limau, kama hujawahi ona vile vinasalimiana, usijaribu ndani ya nyumba.

Nilisikia kwanza kelele ya povu halafu nikasikia "USHINDWE!" Nikakimbia na simu mkononi na ajabu ni vile network siku hiyo ilinifuata mpaka jikoni. Povu lilikuwa limepanda, limezima nusu ya makaa, linashuka kwa sakafu likitembea polepole kuelekea mlangoni, na si jekundu tena, ni zambarau, kwa sababu hii rangi ukiitia magadi inahama upande huo. Cucu alikuwa juu ya stuli. Mkono mmoja ameinua kanga isiguswe na shetani, mkono mwingine ana mwiko na nyuzi ndefu zinaning'inia zikitoa moshi.

"Mwanangu," akaniambia, "hii nyama yako ina mishipa mingi sana."

Mteja kwa simu anauliza ni nini, ni nini, kuna nini huko?

Nikamwambia, "Ni Magadi."

"Eeh! Si ndio hiyo nataka!"

Nikatafuta kijiti nikainua uzi. Sufu ni nywele tu, na wale tumewahi kuchomwa na relaksa kwa saluni tunajua dawa kali inafanya nini nywele ikikaliwa nayo, na hii ilikuwa imechemshwa nayo juu. Ikaja na utelezi, nikavuta kidogo, ikakatika. Nikavuta mahali pengine, pakabaki mkononi. Kazi ya kusokota mpaka usiku, sasa ni uji. Lakini rangi, aki ya Mungu, rangi ilikuwa tamu. Nilipiga picha ile doa ya sakafu nikamtumia mteja na akajibu na herufi kubwa kwamba ni hiyo hiyo, asilimia 100. Siku hizi namtolea, magadi ni chembe tu, mwisho kabisa, maji yakiwa yamepoa, naitia na kuitoa haraka. Na Cucu akiwa Othaya.

Jioni hiyo sasa ndio akaniuliza kwa upole alikuwa ameonja nini haswa. Nikafikiria kumdanganya. Nikamwambia wadudu. Akanyamaza, akaomba chai, akasukutua mdomo nayo akatema nje, akaomba ingine akaimeza. Halafu akasema kilichomuuma si wadudu, ni magadi yake mazuri.

Mambo yangeishia hapo lakini Jumapili akaenda kanisani na sisi, na ushirika wa akina mama ukaambiwa yote kwa utaratibu, kwamba huyu mke wa kijana wangu anapika sweta. Hivyo tu. Anapika sweta. Sasa nikipita sokoni naulizwa kama imeiva, na juzi mama mmoja muuza mboga, uso mkavu kabisa, akaniuliza kama huwa naweka na viazi.