Lindo la Ikulu ya Marekani: Je, Kazi ya Ofisa wa Sare Inafaa?

Vijana wa familia zilizohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki, hasa wale waliokulia Maryland na Virginia, wanaendelea kuulizia kazi za ulinzi katika serikali ya shirikisho, na mojawapo ni kazi ya ofisa wa sare wa Secret Service, idara inayomlinda rais. Jina la idara hiyo likitajwa, wengi huwafikiria watu wa suti wanaotembea ubavuni mwa rais. Hao ni maajenti. Maofisa wa sare ni polisi wa idara hiyo hiyo, na kazi yao ni kulinda malango na uzio wa Ikulu, makazi ya Makamu wa Rais katika viwanja vya Naval Observatory, jengo la Wizara ya Fedha, na balozi za nchi za nje zilizoko Washington, zikiwemo za Kenya na Tanzania. Wazazi wanapoijadili kazi hii huanza na hatari ya kupigwa risasi. Mimi naona hatari hiyo ipo, lakini si hapo penye uzito wa jambo. Kinachopaswa kupimwa kwanza ni muda ambao kazi hii inauchukua katika maisha ya mtu, na kile anacholipwa kwa muda huo.

Kikosi hiki kilianzishwa mwaka 1922 kwa ombi la Rais Warren Harding, kikiwa polisi wa White House tu. Mwaka 1930 kiliwekwa chini ya Secret Service, mwaka 1970 kikaongezewa jukumu la kulinda balozi, na mwaka 2003 idara nzima ikahamishwa kutoka Wizara ya Fedha kwenda Wizara ya Usalama wa Ndani. Katika historia yote hiyo, tukio linalokumbukwa zaidi ni la tarehe 1 Novemba 1950, wakati Rais Harry Truman alipokuwa akiishi Blair House, nyumba ya wageni wa serikali iliyo karibu na Ikulu, kwa sababu Ikulu ilikuwa ikikarabatiwa. Watu wawili waliotaka uhuru wa Puerto Rico walijaribu kuingia kwa bunduki. Ofisa Leslie Coffelt alipigwa risasi akiwa kwenye kibanda chake cha lindo, lakini akajikongoja hadi nje, akamlenga mshambuliaji mmoja, Griselio Torresola, na kumuua kwa risasi moja ya kichwani. Coffelt mwenyewe alifariki siku hiyo hiyo. Kifo chake kinatajwa kila kikosi hiki kinapozungumziwa, na ni haki yake. Hata hivyo, ofisa anaweza kumaliza utumishi wake wote bila kufyatua risasi nje ya uwanja wa mazoezi.

Kile ambacho hataweza kukikwepa ni kusimama. Atasimama langoni wakati wa baridi ya Januari na joto zito la Agosti, akikagua vitambulisho vilevile vya watu walewale, akiwapitisha wageni kwenye mitambo ya kugundua vyuma, akiwaelekeza watalii njia, akimsikiliza mtu aliyekuja kudai kwamba rais anamsubiri. Ugumu wa kazi uko katika kubaki macho saa ambazo hakuna kinachotokea, kwa sababu sekunde thelathini za uzembe zinaweza kufuta miaka ya uangalifu.

Jioni ya tarehe 19 Septemba 2014 ilithibitisha hilo. Omar Gonzalez, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa na kisu, aliruka uzio wa upande wa kaskazini, akakimbia kwenye nyasi, akaingia kwa mlango wa mbele ambao haukuwa umefungwa, na akafika hadi Chumba cha Mashariki kabla ya kukamatwa. Rais Barack Obama alikuwa ameondoka muda mfupi tu kabla. Uchunguzi wa Wizara ya Usalama wa Ndani ulieleza kwamba ofisa mmoja wa kikosi cha mbwa alikuwa ndani ya gari lake, akizungumza kwa simu yake binafsi bila kuvaa redio ya sikioni. Mkurugenzi wa Secret Service, Julia Pierson, alijiuzulu kabla wiki mbili hazijaisha.

Ni rahisi kumlaumu ofisa yule na kuishia hapo. Lakini jopo huru lililotoa ripoti Desemba ya mwaka huo lilisema idara ilikuwa imeelemewa kupita uwezo wake, likapendekeza kuongezwa maajenti 85 na maofisa wa sare 200, na pia kubadilishwa kwa uzio. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa wizara alitoa onyo rasmi baada ya maofisa wawili kukutwa wamelala lindoni, akataja safari, zamu za ziada na saa nyingi za kazi kuwa miongoni mwa sababu za uchovu wao. Katika miaka hiyo Secret Service ilikuwa mkiani kwenye vipimo vya kuridhika kwa wafanyakazi wa serikali ya shirikisho. Uzio mrefu, wa takriban mita nne, ulianza kujengwa mwaka 2019. Uzio hujengwa kwa fedha, na fedha zilipatikana. Kumpata ofisa anayekubali kufutiwa siku zake za mapumziko mwaka baada ya mwaka ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo maana idara imeendelea kutafuta watu.

Upande wa faida nao una uzito wake. Mwombaji hahitaji shahada ya chuo kikuu. Cheti cha sekondari kinatosha kuomba. Mafunzo huanza katika kituo cha serikali ya shirikisho kilichoko Glynco, Georgia, na kuendelea katika kituo cha James J. Rowley huko Maryland, na ofisa hulipwa mshahara akiwa mafunzoni. Akishapata uzoefu, anaweza kuomba kuingia katika vikosi maalumu kama vile cha mbwa, cha walenga shabaha, au cha kukabili dharura, ambako kusimama langoni hupungua na ujuzi huongezeka.

Halafu kuna pensheni, na hapa ndipo naona hoja yenye nguvu kuliko zote. Maofisa hawa wamo katika mpango wa kustaafu wa watekelezaji sheria wa shirikisho: mtu anaweza kustaafu akiwa na umri wa miaka 50 baada ya kutumikia miaka 20, au katika umri wowote baada ya miaka 25. Kila mwaka kati ya 20 ya kwanza huhesabiwa kwa asilimia 1.7 ya wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo bora, na kila mwaka unaozidi hapo kwa asilimia 1. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 23 anaweza kuondoka akiwa na 48, na pensheni ya asilimia 39, mbali na akiba yake binafsi, huku bado akiwa na nguvu za kuanza kazi nyingine. Ndugu zetu wengi wanaolinda majengo ya Washington wameajiriwa na kampuni binafsi zenye mikataba, na hawana kitu kama hicho. Hata polisi wa Federal Protective Service, idara inayosimamia ulinzi wa takriban majengo 9,000 ya serikali, kwa miaka mingi wamedai kuingizwa katika mpango huo wa kustaafu bila kufanikiwa. Mtu anayechagua kati ya sare hizi anapaswa kuangalia tofauti hiyo kabla ya kuangalia beji.

Kwa kijana mwenye asili ya kwetu kuna mlango mmoja mgumu zaidi. Uraia wa Marekani ni lazima, na kibali cha kuona taarifa za Siri Kuu ni lazima pia, pamoja na kipimo cha mashine ya uongo. Fomu ya maombi ya kibali huuliza majina ya wazazi, ndugu, watoto na wakwe, uraia wao na mahali wanapoishi; safari za nje za miaka saba; pasipoti ya nchi nyingine; mali iliyoko nje; na kama mwombaji amewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia. Kwa familia nyingi za Marekani maswali hayo hujibiwa kwa mstari mmoja. Kwa mtu anayemtumia bibi fedha Mwanza kila mwezi, anayechangia harusi za binamu, na ambaye jina lake limo kwenye kiwanja cha familia huko Kitengela, ni kurasa kadhaa. Hayo hayamnyimi mtu kibali moja kwa moja. Kinachomharibia ni kuficha, na wapo wanaoficha kwa kudhani kwamba kutuma fedha nyumbani ni kosa. Jambo jingine ni bangi: Maryland imeihalalisha kwa watu wazima tangu Julai 2023, lakini sheria ya shirikisho haijafanya hivyo, na anayeulizwa ni mwombaji wa serikali ya shirikisho.

Yapo pia mambo ambayo tangazo la ajira haliwezi kuyabeba. Serikali ilipofungwa kwa siku 35 kwa sababu ya mzozo wa bajeti, kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, maofisa hawa waliendelea kuripoti lindoni bila kupokea mshahara hadi mzozo ulipoisha. Ofisa pia humlinda rais yeyote aliyechaguliwa, hata yule ambaye sera zake za uhamiaji zinawatia hofu jamaa wa ofisa mwenyewe. Naheshimu wanaoweza kuyatenganisha hayo mawili, na naheshimu pia wanaosema hawawezi.

Kwa maoni yangu, kazi hii inamfaa kijana aliye chini ya miaka thelathini, asiye na watoto wadogo, anayekusudia kukaa miaka yote 25 na anayelenga kikosi maalumu tangu mwanzo. Anayeitaka kama ngazi ya kuwa ajenti ajue kwamba hiyo ni ajira nyingine yenye maombi na mchujo wake. Mzazi anayelea watoto peke yake, au mtu ambaye ndugu zake wanamtegemea kusafiri nyumbani kila panapotokea msiba, atalipa gharama ambayo pensheni haiwezi kuirudisha, kwa sababu likizo ya dharura katika kikosi chenye upungufu wa watu haina uhakika. Kabla ya kusaini, mwombaji amtafute ofisa aliyemaliza miaka mitano kazini, na amuulize ni siku ngapi za mapumziko alizofutiwa mwaka jana.