Msemaji wa klabu anajaza uwanja, lakini taarifa anatoa nani?

Februari 2024 Yanga walikuwa na mechi ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya CR Belouizdad ya Algeria. Klabu ikaipa mechi hiyo jina la kiungo wake kutoka Ivory Coast, Pacome Zouzoua, ambaye alikuwa anapaka nywele zake rangi ya dhahabu. Mashabiki wakahamasishwa nao wapake, na wakapaka. Vijana wa kijiweni na watu wazima wenye familia zao wakaingia saluni wakatoka na vichwa vinavyong'aa. Tarehe 24 Februari Yanga wakashinda 4-0 na kutinga robo fainali.

Mimi ni mtu wa uhusiano wa umma, na kwa jicho la kazi yangu ile ilikuwa kampeni ya daraja la juu. Haikuhitaji mabango ya barabarani wala mabilioni. Ilimpa shabiki jambo la kufanya mwenyewe, mtaani kwake, kwa pesa yake ndogo, na kila aliyepaka nywele akawa anaitangaza mechi kutwa nzima bila kulipwa. Saluni zikapata wateja. Siku ya mechi wakapata mama lishe, wauza jezi na wenye bodaboda wa Temeke na Chang'ombe. Ziko kampuni zenye bajeti kubwa kuliko klabu zetu ambazo hazijawahi kumgusa mteja wao kiasi hicho.

Nimeanza na sifa kwa makusudi. Mjadala kuhusu wasemaji wa Simba na Yanga kwa kawaida huanza na lawama: kwamba wanapiga kelele, wanawashambulia waamuzi, wameugeuza mpira kuwa mipasho. Wanaosema hivyo wana hoja, nami nitaifikia. Ila wanasahau kwamba Yanga iliundwa 1935 na Simba 1936, na kutambiana kulikuwepo kabla ya redio kuingia kila nyumba. Utani huu haukuletwa na mtu yeyote wa mawasiliano. Tumeukuta Kariakoo, kati ya Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga, tukaupa maikrofoni.

Na maikrofoni imeleta faida inayoonekana kwa macho. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000. Kuvijaza katikati ya wiki, kwa mechi dhidi ya timu ya nje ambayo jina lake wengi hawawezi kulitamka, kunahitaji mtu anayejua kuzungumza na watu. Simba Day, iliyoanza 2009, na Wiki ya Mwananchi, iliyoanza 2019, zimeyafanya matukio ya kutambulisha wachezaji kuwa sikukuu za mjini. Mabasi yanatoka mikoani yamejaa. Mwaka 2021 Simba walicheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wakiwa na maneno ya kuitangaza Tanzania kwa watalii kifuani, mahali ambapo kwenye ligi ya ndani palikuwa na jina la kampuni ya kubashiri. Februari mwaka huo wakaifunga Al Ahly ya Misri 1-0 na jezi ile ikaonekana Afrika nzima. Huo ndio uhusiano wa umma unaonipa fahari ya taaluma yangu.

Taaluma hii, hata hivyo, ina kazi mbili. Moja ni kuwavuta watu. Nyingine ni kuwaeleza: nini kimetokea, nini kitatokea, na kama kumeharibika, nani anashughulikia na haki yako wewe uliyelipa ni ipi. Klabu zetu kubwa zimeimudu ya kwanza kwa ufundi wa hali ya juu. Ya pili zimeiacha, na gharama yake inalipwa na shabiki.

Tuzitazame Jumamosi mbili.

Tarehe 8 Mei 2021 dabi ya Simba na Yanga ilipangwa saa 11 jioni. Siku hiyohiyo, mashabiki wakiwa wameshaanza kuingia uwanjani, ikatangazwa kwamba mechi imesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakafika kwa muda wa awali, wakaondoka. Simba wakafika kwa muda mpya. Mechi haikuchezwa mpaka tarehe 3 Julai, Yanga wakashinda 1-0.

Tarehe 8 Machi 2025 ikawa zaidi. Jioni ya kuamkia mechi Simba walikwenda Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, kama kanuni za ligi zinavyoipa timu ngeni nafasi hiyo, wakakwama getini. Usiku klabu ikatoa taarifa kwamba haitashiriki mchezo. Yanga wakasisitiza kwamba wao watafika, na wakafika. Siku yenyewe ya mechi Bodi ya Ligi ikatangaza kuiahirisha. Ikafuata miezi ya malalamiko, vikao na kuvutana juu ya pointi, mpaka mechi ilipochezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0 na kuchukua ubingwa.

Sitaki kurudi kwenye ubishi wa nani alikuwa na haki pale getini. Kila upande ulikuwa na hoja zake na zimeshasemwa sana. Ninachokitazama ni kile alichokipata mtu aliyetoka Mbeya au Mwanza kwa basi, amelala kwa ndugu yake Mbagala, ana tiketi mfukoni. Klabu hizi zina watu wenye vipaji vya kusema kuliko taasisi yoyote nchini, lakini kwa saa zote zile yeye alikuwa anapata kauli za kumtaka awe upande fulani. Kama aende uwanjani au arudi stendi, alilazimika kukisia. Kila klabu ilikuwa inampigania mbele ya mpinzani wake, na hakuna aliyekuwa anamhudumia.

Hapo ndipo ninapoona kasoro, na sidhani kwamba imetoka kwenye tabia za wasemaji wenyewe. Imetoka kwenye mahali wanapokaa. Msemaji anapewa kazi ya kusukuma uamuzi ambao umekwisha kufanywa na watu wengine, mara nyingi usiku, mara nyingi kwa hasira. Haulizwi kabla: tukisema hivi, mashabiki wenye tiketi tutawaambia nini kesho asubuhi? Anaitwa baada. Kwa kuwa hana jibu la swali hilo, anafanya analolijua vizuri, anachochea hamasa.

Watetezi wa utaratibu uliopo wana hoja tatu ambazo nazichukulia kwa uzito. Ya kwanza ni kwamba klabu ni mali ya mashabiki wake, na shabiki hataki msemaji anayezungumza kama karani wa mahakama. Kweli. Ya pili, kwamba taarifa ni silaha: ukitangaza kwa uwazi nani ni majeruhi, mpinzani anapanga kikosi chake kwa faida hiyo. Kweli pia, na makocha duniani kote huficha. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: klabu zinahitaji fedha, na wadhamini wanalipia watu wanaosikika. Ligi yenyewe iliingia mkataba wa haki za matangazo na Azam Media mwaka 2021 wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Fedha za namna hiyo haziji kwenye ligi iliyonyamaza. Zinafuata macho na masikio, na wasemaji wana sehemu yao katika kuyakusanya.

Nakubaliana na zote tatu, na bado haziligusi tatizo. Hakuna shabiki anayechukia kuambiwa mapema kwamba mechi imeahirishwa. Utaratibu wa tiketi hauwezi kumsaidia kocha mpinzani. Na mdhamini ana hasara kubwa kuliko yeyote jina lake linapobaki kwenye mabango ya uwanja ambao mechi yake haikuchezwa.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, kwa sababu linahusu jirani yangu wa karibu kikazi, mwandishi wa habari. Jerry Muro alitoka kwenye utangazaji wa televisheni kwenda kuisemea Yanga. Ahmed Ally wa Simba na Ali Kamwe wa Yanga walijulikana kwa watu kupitia Azam TV kabla ya kuvaa rangi za klabu. Siwalaumu, walikwenda mahali ambapo kipaji chao kililipwa. Lakini fikiria anachokisoma kijana anayeanza kazi ya uandishi wa michezo. Anaona ngazi ya juu kabisa ya kazi yake iko ndani ya klabu anazotakiwa kuzihoji. Atauliza kwa ukali gani kuhusu mishahara iliyochelewa, mkataba uliovunjwa, au hesabu za mapato ya mlangoni, wakati kesho anaweza kuwa anaomba kiti hapohapo?

Vipindi vya michezo vya redio, asubuhi na jioni, vinaonyesha matokeo. Msemaji wa upande mmoja kasema, wa upande wa pili kajibu, wachambuzi wanachambua nani kamjibu mwenzake vizuri. Saa nzima imekwisha na hakuna jambo jipya lililofahamika. Ni rahisi kwa kituo, kwa sababu sauti inaletwa mezani bure na wasikilizaji wanaipenda. Mimi mwenyewe, nikiwa upande wa kutoa, ningefurahi kupata nafasi hiyo kwa wateja wangu. Kama msikilizaji, naona nimenyimwa.

Tena wanaonyimwa zaidi wako mbali na Dar es Salaam. Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilipanda Ligi Kuu 2019 na msimu wa 2020/21 ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Timu ya mji mdogo, ndani ya muda mfupi namna hiyo! Habari ile ilistahili kuchimbwa: nani waliijenga, fedha zilitoka wapi, mji ulibadilika vipi siku za mechi. Coastal Union ya Tanga ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1988, na Tanga ni mji wenye hadithi za mpira zisizokwisha. Hata hivyo ukifungua redio ukiwa Tanga, saa ya michezo itajaa majibizano ya Kariakoo. Klabu ndogo haina msemaji wa kuleta sauti mezani bure, kwa hiyo haipo. Mwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira, wa Kigoma anajua jina la msemaji wa Simba kabla hajajua kocha wa Mashujaa, timu ya mkoa wake, ni nani.

Nini kifanyike? Wengi husema: tenganisha viti, mmoja wa hamasa, mwingine wa habari. Ni wazo zuri, ila tumeshaliona likijaribiwa. Msimu wa 2021/22, baada ya Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba, kuhamia Yanga, Yanga walikuwa na Manara kama msemaji na Hassan Bumbuli kama ofisa habari. Viti vilikuwa viwili. Sauti iliyotawala ilikuwa moja, ya hamasa, kwa sababu ndiyo watu waliyokuwa wanaisubiri. Julai 2022 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, likamfungia Manara miaka miwili na kumtoza faini ya shilingi milioni 20, kufuatia mzozo wake na rais wa shirikisho Wallace Karia. Muro naye alikuwa amefungiwa mwaka 2016. Adhabu hizi zinamfikia mtu mmoja kwa wakati mmoja, na klabu inayomtuma inaendelea na utaratibu uleule kwa kumweka mwingine.

Kwa maoni yangu, kutenganisha viti hakutoshi kama kiti cha habari hakina mamlaka. Ofisa habari awe ndani ya chumba uamuzi unapofanywa. Awe na haki ya kusema "tusitangaze hili usiku huu mpaka tujue tiketi tunazifanyaje", na asikilizwe. Kanuni za leseni za klabu za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinaitambua nafasi ya ofisa habari katika uendeshaji wa klabu, kwa hiyo sizungumzii anasa. Mwenye hamasa aachwe atambe kwa uhuru wote. Aongoze misafara Manzese na Tandika, awape watu sababu ya kupaka nywele. Ila asiulizwe kuhusu kanuni, rufaa wala fedha, na waandishi wasimfuate kwa hayo.

Nao waandishi wana lao la kufanya, na halihitaji ruhusa ya klabu. Mhariri anaweza kuamua leo kwamba kauli ya msemaji isiyo na jambo jipya haiwi habari kuu. Muda unaobaki apewe ripota wa Tanga au Ruangwa.

Bodi ya Ligi inaweza kuanza na kanuni moja kabla ya dabi ijayo: kila mechi kubwa iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, asiye wa klabu yoyote, mwenye jukumu la kutangaza mabadiliko yote. Mechi ikiwa na shaka, atoe taarifa kila baada ya saa moja hata kama hakuna jipya. Na utaratibu wa kurudisha fedha uchapishwe kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, useme ni siku ngapi, kupitia simu au benki gani, na aliyetoka mkoani afuatilie wapi. AFCON ya 2027 inakuja hapa, tukishirikiana na Kenya na Uganda, na wageni watakaokuja hawatakuwa na ndugu wa Mbagala wa kuwauliza kama mechi ipo.