Changarawe ya Kale na Ushahidi wa Kuinuka kwa Milima

Misimu ya mvua, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo kwa tope linaloletwa na Mto Sabaki kutoka nyanda za juu za bara, ambako mto huo huo huitwa Athi, kisha Galana. Kinachofika pwani ni tope na mchanga. Mawe makubwa hubaki nyuma, kwa sababu mto ukishaiacha miteremko mikali hupungukiwa na nguvu za kuyabeba. Kwa hiyo tabaka nene la mawe yaliyoviringika, hata likiwa la kale mno, huonyesha kwamba palikuwa na ardhi ya juu karibu nalo. Sisi tunaoagiza kokoto kwa lori bila kuuliza zilitoka mlima gani tunaupuuza ushahidi mkubwa.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni Mlima Rigi wa Uswisi, wenye kimo cha karibu mita 1,800, ambao sehemu yake kubwa ni changarawe iliyoshikamana ikawa mwamba. Iliteremshwa na mito kutoka milima ya Alpi iliyokuwa ikiinuka, takriban miaka milioni 30 hadi 25 iliyopita. Kadiri mtu anavyopanda kutoka matabaka ya chini kwenda ya juu, ndivyo vipande vya matale (graniti), mwamba wa kilindini, vinavyoongezeka. Mpangilio huo ni kinyume cha ule wa Alpi zenyewe, kwani mmomonyoko hukwangua kwanza miamba ya juu, na ile ya kilindini hufikiwa baadaye, mlima unapozidi kuinuliwa na kuliwa. Baadaye msukumo ule ule ulioziinua Alpi uliinamisha na kunyanyua hata changarawe yenyewe, jambo ambalo naliona la ajabu hadi leo.

Hata hivyo, siafiki haraka ya kudai kwamba kila changarawe nene ni alama ya mlima kuinuka. Mwaka 1990, wanasayansi Peter Molnar na Philip England walionya kuwa mabadiliko ya tabianchi nayo huweza kuzidisha mmomonyoko na kuyajaza mabonde mawe, bila mlima kuinuka upya. Onyo hilo lina uzito. Kwangu mimi, ukubwa wa mawe hautoshi mpaka uungwe mkono na aina ya miamba yake, na ulalo wa mawe bapa, ambayo huegemeana yakiinamia upande mto ulikotoka, na umri wa matabaka, unaoweza kupimwa kwa majivu ya volkeno yaliyonaswa kati yake.