Huruma ya nesi iko mikononi

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka, wazazi wengi wa Mombasa wenye mtoto anayetaka unesi huuliza swali moja tu: alama zake zatosha? Ni swali la haki, na jibu lake ni fupi. Diploma ya miaka 3 yataka wastani wa C, tena C hiyo iwemo katika biolojia na katika Kiswahili au Kiingereza. Digrii ya miaka 4 yataka C+. Nafasi za KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, huombwa kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni. Kama ni chuo cha binafsi, kabla ya kulipa hata shilingi moja hakikisha kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Mwanafunzi asiyetambuliwa na Baraza hafanyi mtihani wa leseni, na karo yote imekwenda na maji.

Swali linalonikera ni lile lisiloulizwa: huyu mtoto atafundishwaje kumhurumia mgonjwa? Twachukulia kwamba huruma mtu huja nayo kutoka kwao. Mimi nashikilia kwamba huruma ya ndani ya wadi ni ufundi. Ina hatua zake, yafaa ifundishwe hatua kwa hatua, na itahiniwe kwa ukali ule ule wa sindano.

Chukua presha. Mama amepanda matatu kutoka Kongowea, amepanda ngazi, ameketi tu na mkanda ushafungwa mkononi. Kipimo kitakuja juu, na huenda akaandikiwa dawa asiyohitaji. Apumzike dakika 5. Muulize kama amebanwa na mkojo, mpeleke kwanza. Mkono uegemezwe usawa wa moyo, miguu isining'inie, na asizungumzishwe wakati wa kupima. Mkanda mdogo kwa mkono mnene nao hupandisha namba kwa uongo. Hapo upole na usahihi ni kazi moja.

Pumzi vilevile. Ukimwambia mgonjwa wamhesabia pumzi, atazibadilisha bila kujua. Kwa hivyo maliza mapigo ya mshipa, usiuachilie mkono wake, kisha hesabu kifua kikipanda kwa sekunde 60 kamili. Mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Wanaohesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 hukosea sana kwa mgonjwa ambaye pumzi zake hazina mpango, naye ndiye hasa aliye hatarini.

Kuosha mgonjwa kitandani ndiko kunakomfichua mwanafunzi haraka kuliko mtihani wowote wa karatasi. Pazia livutwe kabla ya shuka kuguswa. Hapa kwetu mwanamke aliyestiriwa kichwa maisha yake yote hafunuliwi kwa sababu tu amelazwa. Omba ruhusa, mwachie leso yake kichwani hadi zamu ya kichwa ifike, na kama mwenzako wa kike yupo, mwachie yeye kazi. Funua kiungo kimoja, kioshe, kikaushe, kifunike, ndipo uende kingine. Macho hupanguswa kutoka puani kwenda nje, kila jicho na upande wake safi wa kitambaa. Maji yakipoa au kuchafuka, badilisha. Sehemu za siri ni za mwisho, kwa maji mapya, na mgonjwa anayeweza kujiosha mwenyewe apewe kitambaa ajioshe.

Ukimgeuza, tazama chini ya mgongo, nyonga na visigino. Asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, kwa kuinuliwa, si kuburutwa, maana shuka ikimkwaruza ngozi huchubuka na kidonda huanzia hapo. Wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole ni onyo la kwanza. Kwa ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri. Papasa kama pana joto au ugumu usio wa kawaida.

Halafu lugha. Mwanafunzi husomeshwa magonjwa kwa Kiingereza, kisha anakutana na bibi wa Likoni anayesema ana chango, au mzee anayesema mshipa wamsumbua. Akiandika faili "maumivu ya tumbo" na kuendelea, amepoteza nusu ya habari. Chango la mwanamke mmoja ni uchungu wa hedhi, la mwingine ni msokoto wa matumbo. Mshipa wa mzee waweza kuwa ngiri. Mwambie aweke kidole panapouma, muulize huanza lini na humaliziaje, na uandike neno lake mwenyewe kando ya lako. Tena uanze kwa subalkheri au masalkheri, na umwite bibi, mama au mzee, wala si "kitanda cha 7".

Ramadhani huleta mtihani wake. Mgonjwa wa sukari akificha kwamba amefunga, dozi ya insulini aliyozoea yaweza kumwangusha. Muulize bila kumkaripia, kwani anayeogopa kukaripiwa ndiye anayeficha. Mweleze kwamba sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L afungue saumu hapo hapo, na kwamba dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Najua manesi watanijibu: wagonjwa ni wengi, mikono michache. Ni kweli, na serikali yafaa iajiri zaidi. Lakini pazia ni sekunde 5, na salamu haizidi hapo. Kinachokula wakati kweli ni kulisha. Mwenye kiharusi huketishwa wima, apewe kijiko kidogo upande wa mdomo wenye nguvu, ungoje ameze kabla ya kingine, na abaki ameketi dakika 30 baadaye, asije akapaliwa chakula kikaingia mapafuni. Kabla ya yote hayo, uwezo wake wa kumeza uwe umeshapimwa. Nesi mmoja hawezi kulisha wadi nzima hivyo. Basi yule binti aliyeleta uji na anayengoja nje saa ya kutazama wagonjwa aingizwe ndani, aonyeshwe, alishe vijiko vitatu nesi akimtazama, kisha aachiwe.