Kesi ya madai: mizani myepesi, malipo mazito

Oktoba 1995, nchini Marekani, baraza la waamuzi, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi, lilimwachia huru O.J. Simpson, mchezaji mashuhuri wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, katika kesi ya mauaji ya Nicole Brown, aliyekuwa mkewe, na Ron Goldman. Februari 1997 baraza jingine, katika kesi ya madai iliyofunguliwa na ndugu wa marehemu, likaamua kwamba anawajibika kwa vifo hivyohivyo. Fidia yote ilifika dola milioni 33.5. Wengi walishangaa: mtu hana hatia, halafu analipishwa?

Katika jinai serikali ndiyo inayoshtaki, na mshtakiwa anaweza kufungwa, kwa hiyo hatia ithibitishwe pasipo shaka yenye msingi. Kesi ya madai ni ugomvi wa mtu na mwenzake, au na kampuni, au hata na serikali yenyewe. Mdai anataka alipwe, arudishiwe mali yake, au mahakama itoe zuio, yaani amri ya kumkataza mwenzake kufanya jambo fulani. Hapo kipimo ni mizani ya uwezekano: anashinda yule ambaye maelezo yake yanaelekea zaidi kuwa kweli.

Katika kesi za madai mna mikataba iliyovunjwa, migogoro ya ardhi na pango, talaka na malezi ya watoto, mirathi, kuchafuliana majina. Lakini kundi linaloonyesha vizuri zaidi thamani ya sheria hii ni madai ya madhara yatokanayo na uzembe. Mwaka 1928, mjini Paisley, Uskoti, May Donoghue alikunywa bia ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake, akadai kuwa ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na yeyote, kwa kuwa hakununua yeye. Hata hivyo, mwaka 1932 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya Uingereza, liliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumjali mlaji wa mwisho. Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani. Kesi iliishia kwa maridhiano. Kanuni ndiyo iliyobaki.

Wanaoipinga mizani hii myepesi wana hoja ya kweli. Hukumu ya madai inaweza kumfilisi mtu, kumtenga na wanawe, au kumchafulia jina maisha yake yote, na yote hayo kwa ushahidi uliozidi wa mwenzake kidogo tu. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu kwenye malezi ya watoto kuliko kwenye deni. Kwingineko, kipimo kikali kingemwumiza mdai, ambaye hana polisi wa kumpelelezea na mara nyingi nyaraka ziko mikononi mwa mdaiwa.

Shida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, huja baada ya ushindi. Mahakama haimwekei mshindi fedha mkononi. Lazima aombe kukaza hukumu, mali ya mdaiwa itafutwe, ikamatwe, inadiwe. Simpson alifariki Aprili 2024 akiwa hajalipa sehemu kubwa ya fidia ile. Wapo wanaotaka mdaiwa yeyote asiyelipa afungwe. Nawaelewa, ila Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, kifungu cha 11, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Mwenye uwezo anayeficha mali ni mtu mwingine kabisa, na huyo ndiye mahakama inapaswa kumhoji kwa kiapo, akaunti kwa akaunti.